Kofia ya jino imetoka, kizibo kimeng'oka: soma hapa kabla hujakimbilia supagluu

Ngoja nianze na kitu ambacho watu wanakipima kinyume. Kizibo, yaani kile kilichozibia tundu la jino, kikitoka, jino likaanza kukusumbua kila ukivuta hewa, unaona hilo ndo balaa, unaomba ruhusa kazini unakimbilia kwa daktari siku hiyohiyo. Kofia, yaani lile ganda la kutengenezwa linalovikwa juu ya jino lililochongwa, ikitoka na jino likakaa kimya unaona afadhali, unaitia mfukoni unasema ntaenda mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi unakuja na ada za watoto na mbolea, mambo yanasogea. Sasa huyu wa kwanza mara nyingi anaondoka na jino lake. Huyu wa pili ndo tunakuja kumng'oa.

Mimi sio daktari, niseme mapema. Namsaidia daktari wa meno kwenye kliniki moja huku Mbeya, nachanganya simenti, nashika kile kibomba cha kunyonya mate, na simu ya kliniki ndo huwa nalala nayo mimi. Simu zenyewe zinafanana. "Dada samahani kwa usumbufu, ile kofia imetoka nikiwa nakula, nifanyeje?" Unamwambia pole, usiitupe, njoo nayo kesho asubuhi. Anakaa kimya kidogo, alafu, "Ila dada, nimesharudishia na supagluu."

Tuanze na dakika za mwanzo basi. Ukihisi kitu kimelegea au kimetoka mdomoni acha kutafuna hapohapo, usimeze lile tonge, tema kwenye kiganja au sahani ulitafute humo humo. Watu wengi wanameza kofia zao kwa sababu ya aibu tu, yuko kwenye harusi au kwenye meza ya wakwe, anaona kutema chakula ni kukosa adabu. Tema bana. Ukikipata kioshe kwa maji ya kawaida juu ya beseni, sio juu ya sinki lenye tundu wazi, afu kiweke kwenye kichupa cha vidonge au kikopo chochote chenye mfuniko. Usikifunge kwenye tishu. Tishu kila mtu nyumbani akiiona mezani anajua ni takataka, na kofia ya jino ikishaenda jalalani hairudi, na kutengeneza nyingine ni vipimo upya, ni kungoja, na maabara zinazotengeneza hivi vitu nyingi ziko Dar. Usiichemshe, usiikwangue na kisu, usiisugue na mchanga. Ioshe tu.

Ukishaiosha iangalie kwa ndani, maana hapo ndipo jibu lilipo. Kama ndani kuna ukoko wa simenti tu na kwenye kinywa kisiki cha jino kimebaki kizima, kigumu, hiyo ndo hali nzuri, kubandika upya kunaweza kutosha. Ndani ikiwa nyeusi, laini, inanuka, basi jino limeoza chini ya kofia na huo uozo lazima usafishwe kwanza. Ikiwa imejaa, yaani haina uwazi, ukichungulia unaona ni kipande cha jino lako mwenyewe kimekatika kikabaki ndani yake, basi kofia haikutoka, jino ndo limevunjika, hiyo ni habari nyingine kabisa. Na ukiona inaning'iniza kitu kirefu chembamba, kama ni chuma au cheupe, hicho ni kinondo kilichokuwa kimeingizwa kwenye mzizi. Hii ya kinondo usijaribu kuirudisha mwenyewe hata dakika moja, ikikuponyoka usingizini ikaenda njia ya hewa utajuta.

Huu uchunguzi wa nusu dakika una faida moja nyingine, ukipiga simu unaweza kueleza. Mtu akiniambia "imetoka nzima, ndani kuna simenti, jino halijavunjika, haliumi ila hili jino liliuliwa mshipa mwaka juzi", daktari anajua kabisa aandae nini. Mtu akiniambia "dada jino limetoka" sijui nimsaidieje, jino lipi, limetokaje, la kwako au la kutengenezwa. Piga na picha utume WhatsApp, ya kofia kwa ndani na ya pengo mdomoni, inasaidia kuliko maelezo ya dakika kumi.

Sasa suala la gundi, maana najua ndo linakuvutia. Watu wanaamini kofia inashikwa na simenti, kwa hiyo ikitoka tatizo ni simenti dhaifu, kwa hiyo dawa ni gundi kali zaidi. Sivyo. Kofia inashikwa hasa na umbo. Daktari anapolichonga lile jino anaacha kisiki chenye urefu fulani na kuta zinazoelekea kusimama wima, kofia inakaa juu yake kwa kubana, angalia mfuniko wa kalamu ya biki unavyoshika bila gundi yoyote. Simenti kazi yake kubwa ni kujaza ule mwanya mwembamba uliobaki ili mate na vijidudu visipenye. Kwa hiyo kofia ikitoka uliza umbo limepatwa na nini. Inaweza kuwa kisiki kimeoza kikapungua, kimevunjika pembeni, au tangu mwanzo kilikuwa kifupi, au unasaga meno usiku, au unafungulia soda kwa meno (na mnajijua). Inawezekana pia simenti imelika tu baada ya miaka mingi, hiyo ipo na ndo kesi nyepesi kuliko zote.

Supagluu haigusi hata moja kati ya hayo. Inachofanya ni kuganda haraka sana ikikutana na unyevu, na mdomoni ni unyevu mtupu, kwa hiyo kofia inaganda popote ilipokuwa wakati ule, imeinama kidogo au imekaa juu nusu milimita, na nusu milimita kwenye meno ni kubwa mno, kila ukifunga mdomo jino lile ndo linapigwa kwanza, kesho yake linauma hata kama lilikuwa haliumi. Ikiganda inatoa joto, inaunguza fizi. Uozo na vijidudu unavifungia ndani. Afu daktari anashindwa kuitoa bila kuikata, na ile gundi iliyoganda kwa ndani inaharibu ile sehemu iliyokuwa inakaa sawasawa na jino. Kofia ambayo ungelipia kubandikiwa tu inageuka kofia mpya ya kulipia yote. Hilo nalisema kila wiki na kila wiki mtu anakuja nayo imeganda upande.

Nimesema kofia, kofia, lakini sio kila kinachotoka ni kofia, na hapa ndo watu wanachanganyikiwa.

Kizibo cha kawaida, kile cha rangi ya fedha au cheupe kilichozibia tundu, kikitoka hakirudi. Usihangaike kukitunza. Daktari atasafisha tundu, aangalie kama uozo umeendelea, azibe upya. Sababu kubwa ya vizibo kutoka ni kwamba jino limeoza pembeni yake, kizibo kinabaki hakina ukuta wa kushika. Sababu nyingine huku kwetu ni mawe kwenye wali, mchele wa Kyela na wa Mbarali ni mtamu hauna mpinzani lakini ukiwa umeanikwa vibaya una vijiwe, ukikutana na kimoja kwa nguvu zote kizibo kikubwa kinakatika, na ukuta wa jino nao. Kama ukingo uliobaki ni mkali unakukata ulimi, bandika nta ya meno kama famasi wanayo, au bigijii isiyo na sukari iliyotafunwa, kwa siku moja mbili tu.

Kizibo cha muda ni kile daktari anakwambia "rudi baada ya wiki mbili". Wengi mnakijua kwa ile harufu ya karafuu, kwa sababu aina ya siku nyingi inatengenezwa na unga wa zinki na mafuta yanayopatikana kwenye karafuu, hizihizi za Unguja na Pemba. Kimetengenezwa kiwe laini ili kitolewe kirahisi, kwa hiyo kikipungua kidogo juu usiwe na hofu. Kikitoka chote wakati tiba ya mzizi (ndo hiyo ya kuua mshipa) haijaisha, usingoje tarehe ya kadi, piga simu uende ndani ya siku mbili tatu, maana tundu lile linaelekea moja kwa moja kwenye mizizi iliyokuwa inasafishwa.

Na hapa kuna ugonjwa wetu wa taifa. Mtu anafanyiwa hatua ya kwanza ya kuua mshipa, maumivu yanaisha, anawekewa kizibo cha muda, harudi. Anakaa nacho mwaka. Kile sio kizibo cha mwaka jamani.

Daraja, yaani yale meno mawili matatu yaliyoungana, yanayoshikwa na jino la mbele na la nyuma kuvuka pengo, lina ujanja wake. Likitoka lote unajua limetoka. Balaa ni likiachia upande mmoja huku upande wa pili umeshika, maana linakaa palepale, linaonekana zima, unakula nalo. Ila kila ukitafuna linapanda na kushuka kidogo, mate yanaingia chini ya ule upande ulioachia na vyakula vinafuata, jino la chini linaoza gizani. Dalili ni ndogo sana. Ukibonyeza kwa kidole unahisi linacheza, au vinatoka vipovu pembezoni, au kuna ladha mbaya inayokuja na kwenda. Mzee mmoja wa kule Tukuyu alikuja mkewe ndo kamlazimisha kwa sababu ya harufu, yeye mwenyewe hakuhisi chochote, "mwanangu mimi siumwi, huyu mama yako tu". Tulipolifungua daraja upande mmoja kisiki kilikuwa hakipo. Kwa hiyo daraja likicheza nenda, na usilivute kwa nguvu ulitoe mwenyewe, ule upande ulioshika ukiuvunja umepoteza vyote.

Jino la kupandikiza, lile lenye skurubu kwenye mfupa, huku bado sio mengi ila yapo, watu wamefanyiwa Dar au India. Likianza kuzunguka au kucheza mara nyingi ni skurubu inayoshika kofia imelegea, kitu kinachokazwa, lakini ukiendelea kulitafunia skurubu inakatikia ndani, na kuitoa ni kazi ya siku nzima kama inawezekana. Acha kabisa kula upande ule, mtafute aliyekuwekea au angalau ujue ni kampuni gani, maana bisibisi zake hazifanani.

Meno ya bandia ya kuvaa na kuvua nayo yanalegea, ila hayo mara nyingi ni fizi na mfupa ndo vimepungua, jambo la kawaida miaka ikienda. Yakivunjika kusanya vipande vyote hata vidogo, fundi sanifu wa meno anaviunganisha vizuri mradi vipande vikutane sawasawa, na ukishapaka supagluu havikutani tena. Yasikauke, yaweke kwenye maji ya baridi, ya moto yanayapinda. Na vile vidogo vya jino moja vinavyobanwa na plastiki msilale navyo jamani. Plastiki ile kwenye picha ya eksirei haionekani vizuri, ukimeza usiku wanakutafutia kitu ambacho hakijionyeshi.

Turudi kwenye lile nililoanza nalo, la maumivu. Jino lina gamba gumu juu, chini yake kuna tabaka la rangi ya manjano lenye vitundu vidogovidogo vingi mno vinavyoelekea kwenye mshipa. Kofia au kizibo kikitoka vile vitundu vinabaki wazi. Ndo maana baridi inachoma. Mtu wa Dar hawezi kuelewa, ila wewe wa Makete au Njombe unayetoka na bodaboda saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa saba, barafu iko kwenye majani, unajua ninachosema, unavuta hewa mara moja machozi yanatoka. Funga skafu mdomoni, pumulia pua, chai isiwe ya moto sana.

Lakini maumivu hayo sio mabaya. Maumivu yanayokuja ukigusisha baridi na kuisha baada ya sekunde chache yanasema mshipa uko hai na bado una afya. Yakianza kubaki, yaani umekunywa maji ya baridi na dakika tano baadaye bado linapwita, au moto ndo unaliamsha, au linakuamsha usiku bila sababu, mshipa unakufa. Na siku utakayoamka limenyamaza ghafla, usishangilie, kuna uwezekano mkubwa umeshakufa, na mshipa uliokufa unaoza kimyakimya hadi usaha utafute njia kupitia mfupani.

Sasa jino lililouliwa mshipa zamani halina wa kukwambia chochote. Kofia ikitoka, hakuna baridi wala moto utakaousikia. Ila mate yanaingia, yanapenya polepole pembezoni mwa ile dawa iliyojaza mizizi, vijidudu vinashuka, na zikipita wiki nyingi au miezi hivi daktari anaweza kulazimika kuirudia tiba yote ya mzizi kabla ya kuweka kofia tena. Pia jino la namna hii limebaki na kuta nyembamba, ile kofia ndo ilikuwa inazishika zisipasuke. Unakula hindi la kuchoma siku moja, linapasuka wima mpaka kwenye mzizi, hapo hakuna tena cha kuokoa, linang'olewa. Hao ndo wateja wetu wa kimya.

Na kuna kitu cha tatu kinachoendelea hata jino likiwa na afya njema, meno yanatembea. La jirani linainamia pengo, la juu linashuka kutafuta mwenzake. Ndani ya wiki chache tu kofia uliyoitunza vizuri kwenye kikopo inaweza kugoma kuingia. Kwa hiyo ukiniuliza muda, nakwambia wiki moja, kama jino ni la mshipa uliokufa usivuke hapo kwa kisingizio cha kutoumwa, na kama linapwita usiku usingoje hata hiyo wiki.

Katikati hapo unaishije? Kula upande wa pili, piga mswaki kile kisiki kwa upole kila siku (watu wanaacha kukisafisha wanaogopa, ndo kinaoza), sukutua maji ya uvuguvugu yenye chumvi kijiko cha chai kwenye glasi, miwa na kashata na karanga viache kwanza.

Kuirudisha kofia kwa muda inawezekana, wapo madaktari wanaoruhusu kwa simu, ila masharti yake yafuate. Wewe ni mtu mzima, huna kifafa wala shida ya kumeza, kofia ni nzima haina kinondo, jino halina uvimbe, na safari ya kwenda kwa daktari iko mbali kidogo, labda uko shambani Mufindi ndani ndani huko. Jaribu kwanza ikiwa kavu uone inaingiaje, ina upande wake mmoja tu, funga mdomo taratibu, kama meno mengine hayakutani kama zamani itoe, haijakaa. Ikikaa sawa, famasi kubwa za mjini saa ingine wanauza simenti ya muda ya meno, tumia hiyo kwa kufuata karatasi yake, na ukikosa hata dawa ya mswaki kidogo kwa ndani inaishika kwa masaa. Usiku itoe uiweke kwenye kikopo. Ikicheza cheza itoe. Watoto usiwafanyie hivyo.

Maumivu, panadol mbili za miligramu 500 kila baada ya masaa sita kwa mtu mzima, zisizidi nane kwa siku nzima. Ibuprofeni inafanya vizuri kwa jino ila ule kwanza, na wenye vidonda vya tumbo, figo, pumu au ujauzito waulize kabla. Mafuta ya karafuu yanasaidia kweli, tone moja kwenye pamba, gusisha jino, usimwage kwenye fizi yanaunguza. Aspirini usiiweke juu ya fizi, ni tindikali ile, inaunguza. Kitunguu saumu kinaunguza vilevile. Maji ya betri sitaki hata kuyajadili.

Na amoksilini za kununua dukani mbili tatu? Jino lililofunguka bila uvimbe halihitaji antibiotiki, hazizibi tundu, hazifufui mshipa. Zinakupa siku kadhaa za kujidanganya.

Yapo mambo ambayo hayangoji kliniki yetu kufunguliwa asubuhi. Uso ukivimba, ukapata homa, mdomo ukawa haufunguki vizuri, mate yanakushinda kumeza, uvimbe uko chini ya taya au ulimi unahisi umeinuliwa, sauti imebadilika, nenda hospitali kubwa usiku huohuo, ya rufaa ya mkoa, ya Kanda pale Mbeya, yoyote iliyo karibu, usiulize kama daktari wa meno yupo. Usaha ukishuka shingoni unaziba njia ya hewa, kuna watu wanakufa kwa jino, sitishi mtu.

Na ukimeza kofia? Ikienda tumboni mara nyingi inapita yenyewe siku chache, haina shida, ila kama ilikuwa na kinondo au ni meno ya bandia yenye waya nenda ukapigwe picha. Ikienda njia ya hewa utakohoa sana papo hapo, afu kikohozi kinaweza kutulia, na huko kutulia ndo mtego, watu wanaona imepita. Kitu mara nyingi kinaangukia bomba la hewa la upande wa kulia wa kifua kwa sababu ndo pana na limenyooka zaidi, kinakaa huko, baada ya wiki mtu anatibiwa nimonia isiyopona. Ulikohoa ghafla ukiwa na kofia inayocheza na sasa huioni, kapige eksirei ya kifua hata kama unajisikia mzima.

Wapi pa kwenda sasa. Zahanati ya kijijini mara nyingi haina huduma ya meno, hospitali ya wilaya mara nyingi kuna tabibu wa meno, na kubandika kofia ni kazi ya muda mfupi kama simenti ipo, kwa hiyo piga simu kwanza uulize simenti ipo, usitoke Ludewa au Chunya na nauli yako ukakuta imeisha. Kama kofia uliwekewa Dar huna haja ya kurudi huko zaidi ya kilomita 800 kwa ajili ya kubandika, yeyote mwenye ujuzi na vifaa anaweza, ila mpigie aliyekuwekea akwambie mshipa ulikuwa hai au la na alitumia simenti gani.

Jambo ambalo naliona na linaniudhi, kuna sehemu ukifika tu na jino lililofunguka unaambiwa ling'olewe. Kung'oa ni haraka na ni rahisi kwa bei, naelewa, na kuna wakati ndo jibu sahihi, mzizi ukiwa umepasuka hakuna namna. Lakini una haki ya kuuliza: daktari, linaokoleka? Limeoza kiasi gani, naomba nione picha. Ukiambiwa hapa hatuna vifaa vya kuliokoa, hilo ni jibu la haki, unaenda kwingine. Usikubali tu kwa kuona haya. Na bima uliza kabla hujakaa kwenye kiti, kila kifurushi kina mambo yake, kinacholipa kuziba kinaweza kisilipe kofia.

Ukishabandikiwa, simenti nyingi zinaganda kwa dakika chache ila zinaendelea kukomaa mpaka kesho yake, kwa hiyo siku hiyo kula laini na upande wa pili. Ganzi ikiisha funga mdomo ujisikilize, kama lile jino linagusa kabla ya mengine rudi, tena rudi mapema, kulisawazisha ni kazi ya dakika, usiseme ntalizoea. Na ikitoka tena baada ya muda mfupi usikubali kubandikiwa mara ya tatu bila maelezo. Uliza kisiki kimebaki na urefu gani, chini kumeoza au la, meno yako ya juu na ya chini yanakutanaje, pengine inatakiwa kujenga kisiki upya au kofia mpya kabisa, au kinga ya kuvaa usiku kama unasaga meno. Simenti ninayochanganya mimi ni ileile, haitashika mara ya tatu kitu ilichoshindwa mara mbili.